Wazishi Hawagusi Kilicho Hai

1

Mwanambuzi wa nane alipotoweka, wafugaji wa Loiborkishu hawakuhangaika kutafuta nyayo za fisi. Walimtafuta mwanamke. Na hawakwenda mbali, maana mwenyewe alikuwa pale pale bomani, ameketi mlangoni pa nyumba yake, akiwangoja.

Habari ilimfikia Dk. Nasinyari Lukumay ofisini kwake Arusha, saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Mwenyekiti wa kijiji, Leiyo, alipiga simu mwenyewe. Alimsalimu kirefu, akaulizia watoto ambao Nasinyari hana, akaulizia mvua ambayo Arusha haikuwa nayo, ndipo akashusha mzigo.

"Ni Ndoipo. Anazika vitoto vya mbuzi vikiwa hai. Kimoja tumekifukua, mbwa ndiye aliyetuonyesha. Kinywa kimejaa udongo, binti yangu. Maiti haimezi udongo."

"Ndoipo yupi?" aliuliza Nasinyari, na papo hapo akajiona mjinga.

"Una Ndoipo wangapi wewe? Mama yako!"

Ndoipo hakumzaa Nasinyari. Aliyemzaa alifariki kabla mtoto hajaota meno, na Ndoipo, mke mdogo wa baba, akamfunga mgongoni bila kuulizwa na mtu. Tangu hapo Nasinyari alimwita Yeyo, yaani mama, na jina hilo halikuwahi kumpa shida mpaka asubuhi ile.

"Kesho tunakaa kikao," Leiyo aliendelea. "Wengi wanataka aondoke bomani. Yeye anasema ni wale wadudu wako. Nikamwambia, Ndoipo, usimsingizie mtoto uliyemlea. Nasinyari alisimama hapa mbele yetu, akatuambia kwa kinywa chake, wazishi hawagusi kilicho hai. Uongo?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Basi. Ukija kesho utasema tena, tumalize."

Simu ilikatika. Chai ilikuwa bado ya moto na Nasinyari hakuitaka tena.

Wala hakuwa amesema tu. Siku wadudu walipoletwa kijijini kuzika mizoga, miaka miwili nyuma, alitandika shuka chini, akalala chali mbele ya watu wote, akawaachia wazishi mia tatu wamtambae saa nzima, usoni, shingoni, hadi kwenye nyusi. Walikuwa mbawakawa weusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa, kila mmoja sawa na kidole gumba cha mwanamume. Walimnusa kwa vipapasio vyao, wakamwona hana faida, wakaenda zao. Wanawake walipiga vigelegele. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Na Loiborkishu nzima ikaamini, kwa sababu aliyelala pale chini hakuwa mtaalamu wa kuja. Alikuwa mtoto wao.

2

Hapo kale tai mizoga ndio waliofanya kazi ya kuondoa mizoga. Sumu ikawamaliza. Fisi nao wakabaki wa kuhesabika. Ng'ombe akifa kwa ukame alibaki juu ya ardhi, akavimba, akapasuka, na kimeta kikatoka ndani yake na kuingia kwenye majani, kwenye maji, mikononi mwa watoto wanaochunga. Mwaka wa ukame mkubwa Loiborkishu ilizika watoto kumi na mmoja. Wa saba kati yao aliitwa Sironka. Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa mtoto pekee aliyetoka tumboni mwa Ndoipo.

Nasinyari alikuwa masomoni. Alipopata habari hakulia mbele ya watu. Alifungua kitabu.

Katika nchi za baridi wako mbawakawa wadogo wanaozika panya na ndege waliokufa. Dume na jike humnusa marehemu kutoka mbali, huchimba chini yake mpaka azame, humnyoa manyoya, humviringisha kama tonge, kisha humpaka mate yanayozuia kuoza. Mgongoni wamebeba utitiri unaokula mayai ya nzi, wasije nzi wakawawahi. Watoto wao wakianguliwa huinua vichwa na kuomba chakula, na wazazi huwatapikia mdomoni. Na watoto wakiwa wengi kuliko chakula, wazazi hula baadhi yao, mpaka waliobaki watoshane na mzoga.

Nasinyari na wenzake waliwachukua wadudu hao, wakawakuza, wakawafundisha kufanya kazi kwa maelfu, mchana na usiku, kwenye ardhi ya joto. Waliwaongezea pua wamnuse maiti ndani ya saa moja. Waliwaongezea mate pia. Ng'ombe mzima alizama kwa siku moja na nusu, na kimeta kilizama naye, kikapikwa na mate yale mpaka kikafa. Kwa miaka miwili Loiborkishu haikuzika mtoto hata mmoja kwa ugonjwa ule. Hilo halikuwa jambo dogo, na Nasinyari alikuwa amelivaa kama mkufu.

Kila boma lilikuwa na kigingi cha kusikia, chuma kilichopigwa ardhini. Wazishi huongea kwa kusugua mbawa, na kigingi kilisikiliza mkwaruzo ule, kikatuma Arusha saa, mahali na uzito wa kila kilichozikwa. Sauti nyingine yoyote iliwekwa kando kwenye faili lililoitwa Kelele. Hakuna aliyewahi kulifungua. Nani ana muda wa kusikiliza kelele?

Nasinyari alivaa hedifoni, akalifungua.

Mazishi manane, siku kumi na moja, kizizi kimoja cha watoto wa mbuzi. Kilo mbili na ushei kila mmoja. Alichagua la mwisho. Kwanza alisikia mkwaruzo, dume na jike wakiitana. Kisha udongo ukiporomoka taratibu, udongo laini wa zizini, uliochanganyika na samadi. Kisha, dakika ya tatu, sauti nyembamba ya kitoto cha mbuzi. Dakika ya sita, nyingine, ya uvivu, kama ya mtoto anayeota. Mate ya wazishi hutia ganzi. Waliligundua hilo kwa panya, wakaliandika kwenye ripoti kama jambo la kupendeza.

Dakika ya kumi na nne kulibaki mkwaruzo peke yake.

Alivua hedifoni. Hakuhitaji kusikiliza mengine saba, na aliyasikiliza yote. Alipomaliza alijua kilichotokea, na alijua kwamba alikijua tangu zamani, na uso wake ukawaka moto mpaka masikioni ingawa chumbani hamkuwa na mtu.

Ilikuwa ngozi.

Mbuzi akifiwa na mtoto, na pembeni yupo mtoto aliyefiwa na mama, mfugaji huchuna ngozi ya yule aliyekufa na kumvalisha huyu yatima. Mama hunusa, husikia harufu ya mwanawe, humruhusu anyonye. Siku mbili, tatu, ngozi inavuliwa, na tayari wamezoeana. Kazi hiyo inataka mkono mwepesi na subira, na Loiborkishu nzima ilimpelekea Ndoipo yatima wake. Nasinyari mwenyewe, akiwa na miaka sita, ndiye aliyekuwa akishika miguu ya nyuma wakati Yeyo anafunga kamba.

Miaka miwili ya malisho mazuri mbuzi walizaa salama, ngozi haikuhitajika; ukame uliporudi, yatima wakarudi nao. Yatima anayelala kizizini mchana, dhaifu, amevaa maiti. Mdudu angejuaje?

Na yeye na wenzake waliulizwa. Ndilo lililomchoma. Kabla ya wadudu kuruhusiwa kulikuwa na fomu yenye maswali arobaini, na wataalamu kumi na wawili wameizunguka meza, maandazi na chai mbele yao. Swali la thelathini na moja: je, kuna desturi yoyote ya wafugaji inayoweza kumfanya mnyama hai awe na harufu ya mzoga? Watu wote waligeuka kumtazama yeye, wa pekee mezani aliyekulia bomani. Dakika chache kabla, mmoja alikuwa amefanya utani kuhusu Wamaasai na damu ya ng'ombe, na wote walicheka, na Nasinyari alicheka pia, kwa sauti kuliko wengine.

Ngozi ilimjia kichwani pale pale, na harufu yake, na kamba, na mikono ya Yeyo yenye mafuta. Akaona jinsi ambavyo angelazimika kuwaeleza watu wale wenye maandazi mdomoni.

"Hakuna," alisema.

Wakaenda swali la thelathini na mbili.

3

Profesa Rweyongeza, mkuu wa mradi, hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Ngozi," alisema. "Aisee. Na swali tuliliuliza."

"Tuliliuliza, Prof."

"Wewe ukajibu hakuna. Basi hukujua. Hakuna mtu anayejua kila kitu cha kwao, hata mimi Bukoba kuna mambo nayasikia leo."

Aliacha nafasi. Nasinyari angeweza kuijaza. Alitazama viatu vyake.

"Sasa nisikilize," Profesa alisema kwa upole. "Jumatatu wizara inasaini wazishi wapelekwe mikoa saba. Ukame umeshaanza, ng'ombe wanaanguka. Tukiandika kwamba wazishi wanazika wanyama hai, wataondoa wadudu wote, na kwenu pia. Unajua kinachofuata, unakijua kuliko mimi. Kwa hiyo nenda kesho, waambie waache ngozi. Mama yako asafishwe jina. Vitoto vinane vya mbuzi, Dokta. Pima mwenyewe."

Alikuwa akipenda kuwasimulia wageni, wakati wa chakula cha mchana, jinsi wazishi wanavyopunguza watoto wao watoshane na mzoga. Nasinyari alilikumbuka hilo akiwa njiani. Lakini mdudu akila mwanawe hatafuti sifa, wala hasemi hakujua. Hakumlaumu Profesa. Aliyekuwa akipima alikuwa yeye mwenyewe, Nasinyari, na aliona haya jinsi mizani ilivyomfaa.

4

Kikao kiliketi nje ya boma la Ndoipo, asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na katikati Ndoipo peke yake juu ya kigoda. Alikuwa amekonda. Mapajani alikuwa na mwanambuzi mweupe mwenye baka jeusi jichoni, na mwanambuzi yule alikuwa amevaa ngozi ya mwingine, kahawia, imefungwa tumboni kwa kamba ya katani. Yatima wa tisa. Hakuna aliyekuwa amemnyang'anya bado.

"Takwenya, Nasinyari," Ndoipo alimsalimu, kama siku yoyote.

"Iko, Yeyo." Nasinyari alishindwa kumtazama.

"Nimewaambia ni wadudu," Ndoipo alisema polepole, si kwa kulalamika. "Wakaniambia Nasinyari alisema hawagusi kilicho hai. Nami nikafikiri, mtoto huyu hawezi kusema uongo. Labda ni mimi. Labda nazeeka, nafanya mambo nikiwa usingizini. Nimeanza kujifunga mguu na kitanda."

Nasinyari alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na Leiyo alimpa nafasi ya kuongea.

Akaongea. Aliongea vizuri, kwa Kimaasai safi, kama alivyotumwa. Alisema wazishi hufuata harufu, na ngozi ya maiti ina harufu ya maiti. Alisema Ndoipo hakuzika kitu. Alisema kuanzia leo desturi ya ngozi iachwe, yatima wanyonyeshwe kwa chupa. Hakusema zaidi.

Watu walinong'ona. Leiyo alikuna kidevu.

"Kwa hiyo si uchawi," alisema. "Ni kutojua. Lakini wanane, Ndoipo! Wa kwanza akipotea, wa pili akipotea, unaendelea tu kuwavalisha. Mbuzi walikuwa wa watu. Mimi naona asipelekewe yatima tena. Akae apumzike."

Ilisemwa kwa huruma, na Ndoipo aliipokea kama mtu anayepokea kofi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na yatima ndio waliomfanya aitwe nyumbani mwa watu, akaribishwe maziwa, aulizwe neno. Alisimama, mwanambuzi kwapani, akageukia upande wa wanawake, kisha wa wanaume.

"Nisameheni," alisema. "Nimeua watoto wa mbuzi zenu kwa mikono yangu. Sikujua. Na msimkasirikie Nasinyari kwamba hakutuonya. Yeye alikuwa shuleni tangu mdogo. Amesahau mambo ya ngozi. Angekumbuka angesema."

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi tena. Profesa aliufungua wa kwanza, na sasa Yeyo, aliyefunga mguu wake kitandani, aliushika wa pili usijifunge. Nasinyari alikuwa na miguu ya kutosha kupita. Badala yake aliketi chini pale pale, kwenye vumbi, mbele ya watu.

"Sikusahau," alisema.

Hakuna aliyesikia vizuri. Ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Sikusahau, Yeyo. Waliniuliza. Waliniuliza kabisa, kuna desturi kama hiyo kwenu? Nikakumbuka ngozi, nikakukumbuka wewe, nikasema hakuna."

Simu yake ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akampigia Profesa, akaweka spika, na kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, akamwambia yale yale: kwamba siku ya fomu alijua, na kwamba leo hii anaiandikia wizara kabla ya Jumatatu.

"Zima hiyo spika," alisema Profesa.

"Hapana, Prof."

"Unajua watawaondoa wote? Unajua?"

"Najua."

Simu ilikatika. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama, macho mekundu. Alikuwa amezika binti mwaka ule wa watoto kumi na mmoja.

"Watawaondoa?" aliuliza. "Mizoga irudi juu? Na huyu wangu je? Wewe unakuja kujitua mzigo wako hapa, unatutwisha sisi!"

Mama yule alikuwa na haki. Nasinyari alikaa akitazamwa. Ndoipo peke yake ndiye aliyesogea, akasimama juu yake, kivuli chake kikamfunika.

"Walipokuuliza," alisema, "ulituonea haya?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Ulinionea haya mimi?"

Nasinyari alikuwa akilia sasa, bila ustadi wowote. "Ndiyo."

Ndoipo hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ungekuja hata kwa simu, ukaniambia, Yeyo, nina wadudu wanaozika kinachonuka, ngozi tuifanyeje? Ningekuambia. Kitoto chenye ngozi kisiwekwe chini. Kibebwe siku tatu, mpaka mama yake amzoee. Mdudu atazikaje kilichobebwa? Mngeandika hilo kwenye karatasi yenu, yakaisha."

Sentensi moja. Nasinyari aliiona kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwenye mstari mtupu chini ya swali la thelathini na moja. Kibebwe siku tatu. Wadudu wangebaki, na vitoto vingebaki, na mama yule asingesimama na macho yale.

"Andika sasa," alisema Leiyo kwa sauti nzito. "Labda watasoma."

"Nitaandika, mzee. Sijui kama wataniamini tena."

"Hata sisi hatujui."

Ndoipo aliinama. Alimshika Nasinyari mikono, akaikunjua kama anavyokunjuliwa mtoto, akamwekea mwanambuzi yule mweupe kifuani, na ngozi yake yenye mafuta na damu iliyokauka. Blauzi safi ya Arusha ikashika doa papo hapo. Harufu ikampanda puani, ile ile ya alipokuwa na miaka sita.

"Huyu wa tisa ni wako," alisema Ndoipo. "Siku tatu. Usimweke chini."

Kisha akaondoka kwenda kukamua, na watu wakaanza kutawanyika, wengine wakimpita Nasinyari bila kumuaga. Alibaki ameketi, amemkumbatia yatima, moyo mdogo ukidunda kwa kasi chini ya ngozi ya marehemu.

Mzishi wa kwanza alitua begani mwake kabla jua halijapanda sana. Alimpapasa, akatulia. Wa pili akatua shingoni, pale pale alipowahi kutambaa mwenzake siku ya vigelegele, na safari hii hakwenda zake. Nasinyari alimchukua kwa vidole viwili, akamweka pembeni. Wa tatu akaja, na wa nne. Alisimama ili wasimchimbie chini, akambana mwanambuzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaendelea kuwatoa mmoja mmoja.